Eti Erlang ilikufa? Wacha tuongee ukweli

Taja Erlang, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, mbele ya madevelopa wa hapa Nairobi na lazima kuna msee atasema hiyo lugha ilikufa kitambo, halafu huyo huyo anaandikia grupu ya chama kwa WhatsApp, na seva za WhatsApp zimejengwa na Erlang. Hii dhana eti lugha ikiwa na watu wachache basi inakufa mi siikubali hata kidogo. 2012 WhatsApp walisema seva yao moja imebeba koneksheni milioni 2 kwa mpigo, na Facebook ilipotangaza kuwanunua 2014 kwa dola bilioni 19 walikuwa wafanyakazi 55 tu. Uchache wa watu haukuwazuia. Erlang inapea kila kazi ndogo prosesi yake, nyepesi ya kilobaiti chache, haishiriki memori na zingine, kwa hivyo moja ikianguka zingine zinaendelea tu na kuna prosesi nyingine, msimamizi, ya kuiwasha upya.

Ya pili ndio inaniuma zaidi: eti kampuni iliyoiunda ikiitupa, imeisha. Jamani, hiyo ilishatokea! Erlang ilianzia maabara ya Ericsson huko Uswidi 1986, kina Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams, walikuwa wanatafuta njia ya kuendesha swichi za simu, ile mitambo ya kuunganisha simu, ambazo hazifai kuzima hata ukiwa unabadilisha programu ndani. Kufika 1998 kitengo kimoja cha Ericsson kikakataza isitumike kwa bidhaa mpya, wakubwa walitaka lugha ambazo kila mtu anazijua. Mwisho wa mwaka huo huo ikaachiliwa kwa umma, mtu yeyote achukue bure, na wengi wa waliokuwa wanaijenga wakatoka kuanzisha kampuni yao. 2004 Armstrong akarudishwa Ericsson. Alifariki 2019, lakini timu ya Ericsson bado inatoa toleo kubwa kila mwaka, 2024 lilikuwa la 27.

Wengine husema Elixir, lugha nyingine iliyokuja baadaye, imeimaliza. Hapana, Elixir ya yule Mbrazili José Valim inakimbia juu ya mashine ile ile ya Erlang, BEAM (si chuma, ni programu inayoendesha kodi), na inaita moduli za Erlang moja kwa moja, so kila anayeingia Elixir anaongeza watu wanaotegemea hiyo mashine.

Sasa kuhusu kazi, wale husema Erlang haina kazi, hapo wako na ukweli nusu. Matangazo ya hapa Nairobi yanataka JavaScript, Python, Java, PHP, na kama unatafuta kazi ya kwanza anzia huko, usidanganywe na mtu. Erlang ijifunze ukishasimama, itakubadilisha vile unafikiria kuhusu mifumo inayoanguka, na huo ujuzi unaubeba hata kwa lugha zingine.

Hatari yenyewe iko mahali watu hawaangalii, zile laibrari ndogo, yaani kodi iliyoandikwa tayari na wengine, ambazo zinatunzwa na mtu mmoja, akichoka basi. Kabla ufanye biashara ya mtu itegemee laibrari kama hiyo angalia ilibadilishwa lini mwisho na kama inakubali toleo la sasa la Erlang, na kama ofisini ni wewe pekee unajua Erlang, fundisha mwenzako mmoja kabla mfumo uanze kuhudumia wateja.