Umeme Si Chanzo: Kuanza Somo la Nishati na Watoto wa Darasa la Sita hadi Kidato cha Pili

Mwambie mwanafunzi wa darasa la sita ataje vyanzo vitatu vya nishati, na mara nyingi utasikia: "Jua, maji na umeme." Mawili ya kwanza hayana ubishi. Hilo la tatu mwalimu asilikate kwa wino mwekundu halafu akaendelea, kwa sababu ndani yake mna somo zima. Umeme hauchimbwi kama makaa ya mawe wala hauvunwi kama kuni. Unafuliwa, na ili ufuliwe lazima nishati ya aina nyingine itumike kwanza. Kwa hiyo umeme ni aina ya nishati, kama yalivyo joto, mwanga, sauti na mwendo. Chanzo ni kile kilichokuwapo kabla yake: maji yaliyo juu mlimani, gesi iliyo chini ya ardhi, upepo, jua.

Kabla ya kwenda mbali kuna kikwazo cha lugha. Kiswahili chetu cha kila siku kimelibebesha neno "nguvu" mizigo mingi: mtu ana nguvu, dawa ina nguvu, upepo una nguvu, umeme nao una nguvu. Darasani mizigo hiyo igawanywe. Kani ni kusukuma au kuvuta, nayo hupimwa kwa nyutoni. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi, hupimwa kwa jouli. Wati hupima kasi ya kutumia nishati: wati 1 ni jouli 1 kila sekunde. "Kazi" nayo ina mtego wake. Aliyesimama kituoni na ndoo kichwani anachoka kweli, lakini ndoo yenyewe haijaongezewa nishati yoyote, kwa kuwa haijapanda.

Jouli 1 ni ndogo. Ni karibu sawa na kuliinua limau la gramu 100 kwa mita 1. Uniti moja ya LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, yaani kilowati 1 (wati 1,000) kwa saa 1, ni jouli 3,600,000. Waachieni watoto hesabu hii ubaoni: gunia la kilo 100 likiinuliwa mita 1 hadi kwenye bodi ya lori hupata takriban jouli 1,000, kwa hiyo uniti moja inatosha kupandisha magunia 3,600. Hakuna mpakiaji sokoni atakayeikubali kazi hiyo kwa bei ya uniti moja.

Sasa leteni baiskeli yenye dinamo, yaani kijenereta kidogo kinachowasha taa yake. Hiki ndicho kifaa tunachokipendekeza kuliko picha yoyote ya kitabuni, kwa sababu mkono unahisi kile ambacho jicho halioni. Ipindueni baiskeli isimame kwa kiti na usukani. Bana dinamo ili kichwa chake kiguse tairi, chomoa waya wa taa, kisha zungusha gurudumu kwa mkono na uhesabu sekunde hadi lisimame. Rudisha waya, zungusha tena kwa kasi ileile. Safari hii gurudumu litasimama mapema, na anayelizungusha atahisi uzito. Dinamo ya kawaida ni ya volti 6 na wati 3 tu, lakini hizo wati 3 hazikutoka hewani. Zimetoka kwenye mwendo wa gurudumu, mwendo umetoka kwenye mkono, na mkono umezipata kwenye ugali.

Jaribio hili huharibika kwa sababu mbili. Ya kwanza, mwalimu huachia dinamo isiguse tairi katika mzunguko wa kwanza, halafu huibana katika wa pili. Hapo anapima msuguano wa kichwa cha dinamo, hapimi umeme. Dinamo iguse tairi mara zote mbili, kinachobadilika kiwe waya peke yake. Ya pili, taa haiwaki kabisa. Dinamo nyingi zina waya mmoja tu, na njia ya kurudi ni fremu yenyewe, kwa hiyo rangi au kutu chini ya skrubu ya kufungia dinamo hukata mzunguko wa umeme. Kwangua hapo kwa msasa, taa itawaka.

Aliyeielewa dinamo ameshaelewa bwawa, isipokuwa mkono umebadilishwa na maji yanayoshuka. Chukua bwawa la Kihansi, kule Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ambako maji huporomoka kiasi cha mita 850 hadi kwenye mitambo. Lita 1,000 za maji zina uzito wa kilo 1,000. Zidisha kwa 9.8 (nyutoni ambazo dunia huvuta kila kilo) na kwa kimo hicho, unapata jouli 8,330,000, yaani uniti 2.3. Ukitoa kinachopotea kwenye msuguano wa handaki, kwenye turbini na kwenye jenereta, zinabaki kama 2. Pipa tano za lita 200 zimeshuka mlima mzima kwa ajili ya uniti mbili! Watoto wengi hudhani maji "yana umeme ndani", na hesabu hii huliondoa wazo hilo haraka. Kinachovunwa ni kimo. Ndiyo maana maji yakishapita kwenye mitambo hutoka yakiwa mengi vilevile, nayo hufaa kwa umwagiliaji kama kawaida.

Hapo linganisheni na Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji. Ukuta wake una kimo cha mita 131, kwa hiyo kila lita inayoshuka pale ina nishati kidogo kuliko lita ya Kihansi. Lakini mto ni mkubwa, na mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja (megawati 1 ni wati milioni 1) inaweza kufua megawati 2,115, wakati Kihansi ni 180. Kimo au wingi, mojawapo ukikosa sharti ukifidie kwa kingine.

Kihansi ina jambo jingine la kuwaambia watoto wanaoandika kwamba nishati ya maji "haina madhara". Maji yalipoanza kupitishwa handakini mwaka 2000, manyunyu ya maporomoko yalipungua, na chura mdogo wa manjano, anayezaa badala ya kutaga mayai, ambaye duniani kote aliishi kwenye manyunyu hayo pekee, akaanza kutoweka. Ugonjwa wa kuvu ukammalizia. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa hayupo tena porini, wakabaki waliokuwa wakitunzwa Marekani katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo.

Tuje jikoni, maana huko ndiko nishati nyingi ya nyumba zetu inakotumika, na inakopotea. Jaribio hili lifanyike nje, chini ya mwembe au barazani, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa: mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini. Pima gramu 300 za mkaa mkavu kwa mizani ya jikoni, uwashe. Ukishika vizuri, injika sufuria yenye lita 2 za maji, ifunike, na uandike joto la maji ya mwanzo. Tuseme ni nyuzi 25. Kipimajoto kisiguse kitako cha sufuria, la sivyo kitasoma joto la chuma. Maji yakifika nyuzi 95, epua. Toa makaa kwa koleo, yatie kwenye kopo la bati lenye kifuniko, ufunike hadi yapoe, kisha yapime. Usiyazime kwa maji, kwa kuwa mkaa hunyonya maji na mizani itakudanganya.

Hesabu ni hii. Kilo 1 ya maji inahitaji jouli 4,200 kupanda nyuzi 1, kwa hiyo kilo 2 kupanda nyuzi 70 zinahitaji jouli 588,000. Gramu 1 ya mkaa hutoa takriban jouli 29,000 ikiungua. Kama mkaa uliotumika ni gramu 150, nishati iliyotoka ni jouli 4,350,000, na iliyoingia kwenye maji ni kama asilimia 13.5. Nyingine imekwenda wapi? Wanafunzi waitafute kwa mikono yao, wasiambiwe: pembeni mwa jiko pana joto, juu ya sufuria pana hewa ya moto, jiko lenyewe limepata moto, na mkaa mwingine uliungua kabla sufuria haijainjikwa. Nishati haikuisha, imekwenda kusikotakiwa. Jiko lenye kauri ndani hupunguza upotevu huo kwa sababu kauri haipitishi joto haraka kama bati. Upepo huuongeza, na sufuria isiyofunikwa huuongeza zaidi, kwani kila gramu ya maji inayogeuka mvuke huondoka na jouli 2,260 hivi.

Wale wa kidato cha pili wanaweza kurudi nyuma hatua moja zaidi. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo 1 ya mkaa hutokana na kilo kadhaa za kuni, na 8 si idadi ya ajabu. Kilo 8 za kuni kavu zina megajouli (jouli milioni) kama 128, kilo 1 ya mkaa ina 29. Zaidi ya robo tatu iliishia porini, kwenye tanuri. Ukizidisha kilichobaki, kama asilimia 23, kwa asilimia 13.5 za jikoni, kilichofika kwenye maji ni kama asilimia 3 ya nishati ya mti.

Birika la umeme huchemsha maji yaleyale kwa takriban uniti 0.18, kwa kuwa koili yake imezama ndani ya maji. Zima vifaa vingine vyote vya nyumbani, soma mita ya LUKU kabla na baada. Mita nyingi huonyesha desimali chache, hivyo chemsha mara tatu ndipo tofauti isomeke vizuri. Lakini msifunge hesabu hapo. Kama umeme huo umefuliwa kwa gesi ya kisiwa cha Songo Songo, kusini mwa Tanzania, sehemu kubwa ya nishati ya gesi ilitoka kama joto palepale mtamboni. Birika ni zuri, ila sehemu kubwa ya hasara yake hatuioni kwa kuwa iko mbali na macho.

Kazi ya nyumbani iwe kuchora mnyororo kurudi nyuma kutoka kifaa chochote hadi pasiporudika tena. Simu ina chaji kutoka kwenye betri, betri imejazwa na umeme, umeme umetokana na maji, maji yalipandishwa mlimani na mvua, mvua ilianza na jua lililoyafanya maji ya ziwa na bahari kuwa mvuke. Mkaa ulikuwa mti ulioshiba mwanga. Gesi ni mabaki ya viumbe wa mamilioni ya miaka iliyopita. Upepo huvuma kwa sababu jua halipashi ardhi na bahari sawasawa. Minyororo karibu yote itaishia kwenye jua.

Hapo ndipo jedwali la nishati "jadidifu" (inayojirudisha) na "isiyo jadidifu" linapoanza kuyumba, na liyumbe tu. Badala ya kukariri, mtoto aulize: inarudi kwa muda gani? Gesi iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 hairudi katika umri wa taifa lolote. Kuni hurudi, iwapo msitu unaota haraka kuliko shoka. Maji hurudi kila msimu, lakini si kwa kiasi kilekile: mgao wa umeme wa mwaka 2006 ulitokana kwa sehemu kubwa na ukame uliopunguza maji ya mabwawa. Jadidifu si sawa na isiyokatika.

Minyororo michache haiishii kwenye jua, na mwanafunzi aliyeigundua apewe alama zake kamili. Mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha nchini Kenya, unaofua umeme tangu 1981, unapashwa na joto la ndani ya dunia. Urani, madini ya mitambo ya nyuklia, nayo ilikuwamo kwenye mavumbi yaliyoiumba dunia. Wa Unguja, Tanga na Mtwara wataleta kupwa na kujaa, wakisema ni mwezi. Ni sahihi, ingawa hata hapo jua lina mkono kidogo: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja, na hayo ndiyo maji ya bamvua, yanayojaa na kupwa sana. Vikivuta kwa pembe mraba, ni maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo.