Filamu za bei rahisi za nyeusi na nyeupe zinalipa, ila usizipige kwa ISO ya kwenye boksi

Vijana wanaoanza kupiga filamu wananiuliza sana hili swali, je nikichukua Fomapan au Kentmere badala ya zile za bei juu, HP5 ya Ilford au Tri-X ya Kodak, naingia mkenge? Hapana, huingii mkenge. Ila ukiipiga kwa ISO (kasi ya filamu kupokea mwanga) kama boksi linavyosema halafu ukaisafisha, yaani kuitoa picha kwa dawa, kwa maji ya bomba ya Dar yalivyo, picha zitakuangusha na utailaumu filamu bure.

Kwanza tuelewane, hizi sio filamu feki. Fomapan inatengenezwa na Foma pale Hradec Králové, Jamhuri ya Cheki, kampuni ambayo ipo tangu 1921. Kentmere inatoka Mobberley, Uingereza, kwa Harman, haohao wanaotengeneza Ilford, yaani HP5 na Kentmere 400 zinatoka kwenye kiwanda kimoja. Ni emalshen (ule utando unaopokea mwanga) tofauti lakini wanaozitengeneza wanajua wanachofanya. Kule Ulaya Fomapan unaipata kwa karibu euro 6, HP5 inacheza kwenye 9 au 10, na ukishaweka gharama ya kuisafirisha mpaka huku hiyo tofauti unaiona mfukoni kabisa.

Sasa unapunguziwa nini? Chenga, zile punje zinazoonekana kwenye picha, zipo kubwa kidogo, hilo mimi halinisumbui. Pia kinga ya nyuma ya filamu, ile inayozuia mwanga usirudi na kupiga emalshen mara ya pili, kwenye Fomapan 400 na Kentmere 400 ni dhaifu, kwahiyo taa za barabarani na dirisha lenye jua kali vinatoa kaukungu pembeni. Wengine wanakapenda.

Ishu kubwa ni vivuli. Na hapa naomba mnisome taratibu maana inatuhusu sisi moja kwa moja. Fomapan 400 kwenye developa (dawa ya kutoa picha) nyingi za kawaida haifiki 400 ya kweli, inakaa kwenye 200 au 250 hivi, na kasi ya filamu nyeusi na nyeupe inapimwa kwenye vivuli, yaani inaangaliwa mwanga mdogo kiasi gani unatosha kuacha alama kwenye negativu. Mita ya kamera nayo inachukulia kila inachokiona ni kijivu cha asilimia 18. Sasa chukua mzee mweusi, kavaa kanzu nyeupe, kasimama kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Mita inaona weupe mwingi inabana mwanga, uso wake unashuka stopu mbili au zaidi chini (kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu), na hapohapo filamu yenyewe ina upungufu wa stopu nzima uliojificha kwenye namba ya boksi. Ukiangalia ile negativu, kanzu imejaa nyeusi tiii, lakini kwenye macho, chini ya kidevu na kwenye nywele ni plastiki tupu. Pakiwa patupu hivyo hakuna skana wala Photoshop itakayorudisha kitu. HP5 kwa makosa hayohayo ingekuachia walau kitu cha kushika, na hapo ndipo hela ya ziada inapoenda.

Watu wengi wanaosema Fomapan ina kontrasti mbaya kwenye ngozi zetu kwa kweli wanaongelea hili, na dawa yake ni ya bure. Weka kamera kwenye 200. Usisome ukuta wala kanzu, soma kiganja cha mkono wako kikiwa kwenye mwanga uleule unaompiga mtu wako, halafu ongeza stopu moja, kwasababu viganja vyetu vina mwanga takriban stopu moja juu ya kile kijivu cha mita. Kama ni jua la saa saba mchana na mtu kavaa kofia, fungua zaidi kwa ajili ya uso na uache anga lijichomee huko. Halafu wakati wa kusafisha punguza muda kama asilimia 15 hadi 20 ili sehemu zenye mwanga mkali zisijae kupita kiasi. Na kama una kamera ya zamani ambayo shata inaishia 1/500, ISO 200 kwenye jua letu inakupa tundu la lenzi f/16 na shata 1/250, kwahiyo bado una pa kupumulia.

Fomapan 100 mimi naipenda kwa picha za sura mchana, naiweka 80. Usiku kwa tripodi achana nayo, kwasababu mwanga ukiwa mdogo inachoka haraka mno, kwa maelezo ya Foma wenyewe mita ikisema sekunde 10 wewe unatakiwa uache shata wazi sekunde 80, na ikisema 100 basi ni 1600, hiyo ni karibu dakika 27.

Tuje kwenye maji. Muda wote wa kusafisha ulioandikwa kwenye maboksi ni wa nyuzi 20, na bomba la Dar msimu wa joto linakupa karibu 30. Joto likipanda, muda unapungua, dakika 10 za nyuzi 20 zinashuka kuwa karibu 7 kwenye nyuzi 24, na ukienda chini ya dakika 5 usafishaji unakuwa na mabaka. Mimi natumia beseni lenye maji na barafu iliyo ndani ya mfuko wa nailoni, chupa za developa, fiksa (dawa ya kuifanya picha idumu) na maji ya kuoshea zote zinakaa humo pamoja mpaka kipimajoto kisome 22 au 24, na developa yangu, D-76, naichanganya nusu kwa nusu na maji ili muda urefuke. Barafu isiingie kwenye dawa. Emalshen ya Foma ikilowa ni laini sana, usiipanguse kwa vidole, ining'inize bafuni ikauke yenyewe. Na kama ni Fomapan ya 120, ile roli pana, maji ya kwanza yatatoka na rangi ya bluu-kijani, usishtuke, ni rangi tu inayooshwa.

Harusi ya dada yako, au picha za bibi ambaye humuoni mara kwa mara, nunua HP5 au Tri-X bila kufikiria mara mbili, na ukitaka kupiga ndani usiku kwa ISO 1600 Fomapan 400 haina hiyo nguvu kabisa. Kwa mtaani na mazoezi, na picha za sura ukiwa na muda wa kupima, chukua rahisi, na kama bajeti inaruhusu moja tu basi iwe Kentmere 400, inavumilia zaidi. Mkiwa wengi nunueni ile roli ndefu ya mita 30.5 mgawane, inatoa kama roli 18 za picha 36.

Roli ya kwanza usiipeleke kwenye kazi. Mkalishe rafiki yako mwenye shati jeusi kivulini, piga kwa 400, 200 na 100, safisha, halafu shika negativu dirishani. Anzia ile ya 400 ushuke, na utakapofika kwenye fremu ambayo nywele na kola ya shati zinaonekana, tumia ISO hiyo kwa roli zote zinazofuata.