Nondo nyingi, zege dhaifu: dhana potofu za saiti

Dhana: Zege ni gumu, kwa hiyo hubeba mzigo wowote.

Ukweli: Hubeba likigandamizwa. Likivutwa, uwezo wake hushuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Slabu (bapa la zege la sakafu au dari) iliyokalia kuta mbili hupinda katikati: upande wa juu unagandamizwa, wa chini unavutwa. Nondo zinawekwa chini zibebe kile ambacho zege haliwezi.

Dhana: Basi nondo hukaa chini siku zote.

Ukweli: Hili ndilo linalonitisha. Roshani iliyotokeza nje ya ukuta bila nguzo huinama nchani, kwa hiyo uso wake wa juu ndio unaovutwa. Nondo kuu zinatakiwa zikae juu na ziingie vya kutosha ndani ya slabu ya nyumba. Fundi anaweza kuzifunga vizuri kabisa, kisha wamwaga zege wakapita juu yake, zikalala chini. Likishamwagwa, nani ataona? Roshani hiyo ina kila nondo uliyolipia, na bado inaweza kukatika pale inapoungana na ukuta. Simamia siku ya kumwaga, si siku ya kufunga tu.

Dhana: Nondo za daraja la juu huzuia bimu (boriti ya zege) isipinde.

Ukweli: Nguvu na ukakamavu (ugumu wa kupindika au kurefuka) ni vitu viwili. Nondo laini, yaani ya daraja la chini, na nondo ya daraja la juu, zikiwa na unene mmoja, hurefuka karibu sawa chini ya mzigo uleule, kwani moduli ya Young ya chuma, yaani kipimo cha ukakamavu wake, ni takriban gigapaskali 200 kwa zote. Ile ya daraja la juu huchelewa tu kufika pale ambapo chuma hakirudi tena kwenye urefu wake. Ukitaka bimu isipinde sana, ongeza kina chake, yaani kimo chake kutoka juu hadi chini. Chukua mbao ya mbili kwa nne: ukiisimamisha kwa ubavu inakuwa kakamavu mara 4 kuliko ukiilaza, na ni mbao ileile.

Dhana: Zege hupata nguvu kwa kukauka.

Ukweli: Saruji hushikana kwa mmenyuko wa kikemia na maji, ndiyo maana tunamwagilia, na nguvu yake kwa kawaida hupimwa siku ya 28. Lakini maji hayo ni ya baada ya zege kushika. Yale yanayoongezwa kwenye mchanganyiko ili koleo liingie kirahisi huacha vitundu ndani, na zege hudhoofika.