Chakula Kilichokuuguza: Dhana Potofu Kuhusu Nani Anawajibika Kisheria

Madai mengi ya chakula chenye vimelea huanguka kabla hakimu hajayasikia. Ushahidi ulimwagwa chooni, ukatupwa jalalani au ukauawa na dawa katika siku tatu za mwanzo, wakati mgonjwa bado anaamini mambo kama haya.

"Kilichonidhuru ni kile nilichokula mwisho"

Hakuna dhana inayoharibu madai kuliko hii. Ni kweli kwamba sumu ya stafilokokasi humtapisha mtu ndani ya saa chache tu, na hapo mlo wa mwisho unastahili kushukiwa. Lakini norovirusi huchukua saa 12 hadi 48, salmonela saa 6 hadi siku 6, na E. coli O157 kwa kawaida siku 3 au 4, pengine hata 10. Hepatitisi A hujificha siku 15 hadi 50. Listeria inayoingia kwenye damu au kumfikia mtoto aliye tumboni yaweza kujitokeza baada ya siku 70.

Anayeanza kuharisha damu Alhamisi na kumdai mpishi wa Jumatano usiku amempa wakili wa upande wa pili kazi nyepesi. Ataitwa mtaalamu mmoja, ataeleza saa hizo, na shauri limekwisha.

Dawa yake ni daftari. Andika kila ulichokula na kunywa kwa siku 7 zilizopita, ulikipata wapi, na saa dalili ya kwanza ilipoanza. Orodhesha mliokula pamoja, wakiwemo ambao hawakuugua. Watu husahau hawa wazima, ilhali wachunguzi huwategemea sana: kama waliokula kachumbari wameugua na walioiruka wako salama, chanzo kinaanza kuonekana hata kabla ya majibu ya maabara.

"Chakula kimeisha na risiti nimetupa, basi sina kesi"

Ushahidi wenye nguvu zaidi mara nyingi umo mwilini mwa mgonjwa. Toa sampuli ya choo kikubwa kabla ya kumeza dozi ya kwanza ya antibiotiki, kwa sababu dawa hupunguza vimelea hadi maabara isivione. Kisha muulize daktari kama sampuli itaoteshwa, yaani vimelea vyake vikuzwe maabara. Vipimo vya haraka hutaja aina ya bakteria tu. Bila kuoteshwa hakibaki kimelea hai cha kusomwa vinasaba vyake na kulinganishwa na vya wagonjwa wengine au vya kiwandani. Ulinganisho huo ndio unaofungua kesi kubwa. Katika mlipuko wa listeria wa Afrika Kusini wa 2017–2018, uliowapata watu zaidi ya 1,000 na kuua zaidi ya 200, sampuli nyingi za wagonjwa zilikuwa za aina moja, ST6. Machi 2018 serikali ilitangaza kwamba aina hiyo imekutwa katika kiwanda cha nyama zilizosindikwa huko Polokwane.

Badala ya risiti, taarifa ya benki, ujumbe wa malipo ya simu au picha ya pakiti hutosha kuonyesha ununuzi. Kama mabaki yapo, yaache katika pakiti yake yenye namba ya bechi (kundi la bidhaa zilizotengenezwa pamoja), yafunge kwenye mfuko wa pili, andika tarehe na onyo la kutoliwa, kisha yagandishe. Kuna tahadhari moja: kugandisha hupunguza Campylobacter, kwa hiyo kama afisa wa afya anaweza kuyachukua siku hiyohiyo, yahifadhi kwenye ubaridi wa kawaida tu. Kila anayeyapokea asaini. Usimkabidhi muuzaji yote "akayapime". Pakiti isiyofunguliwa ya bechi ileile ina uzito kuliko mabaki, maana kuhusu mabaki utaambiwa kwamba yalichafukia jikoni kwako.

"Lazima nithibitishe uzembe"

Inategemea sheria ya nchi. Chini ya mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa 1985, na katika majimbo mengi ya Marekani, mtengenezaji wa bidhaa yenye kasoro huwajibika hata kama alikuwa mwangalifu. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya Afrika Kusini ya 2008 nayo imefuata njia hiyo. Mdai anabaki na mambo matatu: kasoro ilikuwapo, madhara yametokea, na kasoro ndiyo iliyoyasababisha. La tatu ndilo linalowashinda wengi.

Pale ambapo uzembe bado unahitajika, nyaraka za ndani ndizo roho ya shauri: kumbukumbu za joto la majokofu, ratiba za usafi, majibu ya vipimo vya mashine. Wakili aandike barua mapema kutaka zihifadhiwe, kwani kumbukumbu za aina hii hazitunzwi milele.

"Sikununua mimi, nilinunuliwa"

Haidhuru. Swali hili lilijibiwa Uingereza mwaka 1932 katika kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, iliyohusu kinywaji kilichonunuliwa na rafiki, ambacho mnywaji alidai kilikuwa na konokono: mtengenezaji anawajibika kwa mtumiaji hata kama si yeye aliyenunua. Iwapo konokono huyo alikuwamo kweli kwenye chupa, hilo halikuwahi kuthibitishwa mahakamani.

"Wameondoa bidhaa sokoni, kwa hiyo wamekiri"

Bidhaa nyingi huondolewa kwa tahadhari tu. Bado utatakiwa kuonyesha kwamba ulikula bechi iliyotajwa na kwamba kimelea ni kilekile. Kwa upande mwingine, kuiondoa hakufuti deni kwa walioshaugua.

"Wakubwa hulipa faini tu"

Siagi ya karanga ya Peanut Corporation of America ilihusishwa na wagonjwa 714 na vifo 9 mwaka 2008–2009. Mkuu wa kampuni, Stewart Parnell, alifungwa miaka 28 mwaka 2015, baada ya kuthibitika kwamba mizigo ilisafirishwa na vyeti vya maabara vya uongo. Hata kutokujua si kinga kamili: mwaka 1975 Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha hatia ya John Park, rais wa maduka ya Acme, kwa ghala lenye panya huko Baltimore, ingawa alikuwa amewaachia wasaidizi kazi hiyo.

Ila faini huingia hazina ya serikali. Fidia yako ni shauri jingine, la madai. Na kampuni hiyo ya karanga ilifilisika Februari 2009, ndiyo maana mawakili wazoefu hutafuta pia bima, wasambazaji na wauzaji waliopitisha bidhaa. Katika nchi nyingi neno "mimi niliuziwa tu" halimtoi muuzaji.

"Wamenipa pole, nisaini tu yaishe"

E. coli O157 yaweza kuharibu figo wiki moja baada ya kuhara kuanza, na Campylobacter yaweza kufuatiwa na ugonjwa wa Guillain-Barré wa kupooza misuli. Karatasi ya suluhu huwa na kifungu cha kuacha madai yote, yajulikanayo na yasiyojulikana. Subiri daktari aseme hali imetulia, lakini usipitwe na muda: Ulaya ni miaka 3 tangu ujue, au ulipopaswa kujua, madhara, kasoro na mtengenezaji. Malalamiko uliyopeleka idara ya afya, kwa kawaida, hayasimamishi muda huo.