Kipa wa miaka 27 bado hajaiva

Wiki iliyopita kiongozi mmoja alinivuta pembeni baada ya mazoezi, akaniambia nianze kutafuta kipa mwingine wa timu yetu ya wanawake ya mpira wa mikono. Huyu tuliye naye ana miaka 27, alijifungua mwaka jana, na Jumamosi alifungwa magoli 26. "Kocha, huyu ameshamaliza." Maneno hayohayo nimeyasikia kwa wazazi, kwa makocha wenzangu, hata kwa mume wa mchezaji. Nimechoka kuyajibu nimesimama getini na begi la mipira begani, kwa hiyo leo nayajibu kwa maandishi.

Nianze na yale magoli 26, maana kosa lote linazaliwa hapo. Watu wanakuja kwenye mpira wa mikono na macho ya soka. Kwetu kipa akidaka asilimia 30 ya mashuti amefanya kazi yake, na akifika 40 timu yake mara nyingi inashinda. Hesabu mwenyewe: mashuti 40 yakilenga goli, kipa aliyeng'ara ameokoa 16 na amefungwa 24. Kwenye fainali ya Olimpiki ya Paris, Agosti 2024, Ufaransa walifunga magoli 21, na bado Norway wakavaa dhahabu kwa 29–21. Mmoja wa makipa wa Norway alikuwa Katrine Lunde, mwenye miaka 44 na mtoto aliyemzaa 2015.

Lunde alizaliwa Machi 1980. Dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki ni ya Beijing 2008, ya pili London 2012. Ligi ya Mabingwa Ulaya ameitwaa mara saba: akiwa Viborg ya Denmark 2009 na 2010, Győr ya Hungary 2013 na 2014, na Vipers ya kwao Kristiansand 2021, 2022 na 2023. Hayo matatu ya mwisho aliyapata akiwa mama, na akiwa ameshavuka 40. Simtaji ili kila binti apimwe kwa kipimo chake. Namtaja kwa sababu kazi ya kipa ina kitu ambacho miaka inakiongeza, na nikieleza kitu hicho watu hukatisha mazungumzo kwa kusema "lakini anabahatisha tu."

Habahatishi.

Chukua beki wa kushoto, ambaye kwetu ni mshambuliaji anayepiga kutoka mbali, anayeruka kwenye mita tisa kutoka golini na kuachia shuti la kilomita 90 kwa saa. Hizo ni mita 25 kila sekunde. Kipa amesimama hatua moja mbele ya mstari, kwa hiyo mpira unamfikia kwa takriban theluthi moja ya sekunde. Jicho kuona na misuli kuanza kuitika kunakula kama sehemu mbili za kumi za sekunde, na hapo mguu bado haujainuka kwenda kwenye kona. Pivoti, yaani mshambuliaji anayejibanza katikati ya mabeki, akigeuka kwenye mita sita, muda huo haupo kabisa. Kipa anayesubiri mpira utoke mkononi ameshafungwa. Lazima aanze kazi mpigaji angali na mpira, na cha kumwongoza ni bega, kiwiko, mguu wa kurukia, na kiganja kinavyolala nyuma ya mpira. Mabinti wangu wengi wa miaka 19 wanautazama mpira. Huyu wa 27 ameanza kutazama kiwiko. Imemchukua miaka minane kufika hapo, na ndipo tunaambiwa tumwache!

Halafu kuna ukuta, jambo ambalo karibu hakuna anayelisema akimlaumu kipa. Mabeki wetu wakiinua mikono mbele ya mpigaji wanafunga upande mmoja, na kipa analinda ule mwingine. Wakikubaliana upande wa karibu ni wa ukuta kisha mpira ukapita hapohapo, jukwaa zima linamtazama kipa, wakati goli ni la beki aliyeshusha mkono. Nilirudia video ya Jumamosi mara tatu. Katika magoli 26, tisa yalipita palipokuwa na ahadi ya ukuta, na matano yalikuwa ya mashambulizi ya kushtukiza ambapo kipa alibaki peke yake na mtu. Kipa mzoefu pia huacha nafasi makusudi: anasogea nusu hatua, winga anaona kona ya mbali iko wazi, anapiga huko, na mguu umeshatangulia. Ili mtego huo ukubali, lazima umjue winga yule anapenda nini akichoka, dakika ya 55 kati ya 60, timu yake ikiwa nyuma kwa goli moja. Maarifa ya namna hiyo mtu anayapata kwa kukaa golini misimu mingi, akifungwa na kukumbuka.

Kuhusu mwili nitakuwa mfupi. Teresa Almeida wa Angola, anayeitwa Bá, alikuwa golini Rio 2016 Angola ilipoifunga Romania 23–19, na umbo lake kubwa lilizungumzwa kuliko udakaji wake. Angola ikaenda hadi robo fainali. Mwenye masikio amesikia.

Kuna yanayonitatiza pia, na sitayaficha. Huenda makipa tunaowaona wakidaka wakiwa na miaka 40 ni wale tu ambao magoti na nyonga zao zilivumilia, na waliovunjika njiani hatuwahesabu. Sijui namna ya kutenganisha faida ya uzoefu na bahati ya kuzaliwa na viungo imara. Wachezaji wasiokaa golini wanaumia kuliko makipa: Cristina Neagu wa Romania, mara nne mchezaji bora wa dunia, alikatika kano ya goti kwenye mashindano ya Ulaya ya 2018, akarudi na kucheza misimu mingine kadhaa. Wengi hawarudi. Mazoezi ya mizani, yaani kusimama bila kuyumba, na ya kutua vizuri yanapunguza ajali hizo, Wanorwe waliyajaribu kwa wachezaji wao wa kike na yakasaidia. Hata hivyo napata vita nikiomba dakika 15 za mazoezi hayo kabla ya kugusa mpira.

Na uzazi. Miaka kadhaa iliyopita nilimrudisha kipa golini mapema kwa sababu mwenyewe alitaka na mimi nilimhitaji. Alipiga msamba kwenye shuti la chini, akabaki sakafuni ameshika nyonga. Ni kosa langu na bado linaniuma. Tangu hapo sina hesabu ya miezi ninayomwambia mtu. Namtaka kwanza apite kwa mtaalamu wa viungo, misuli ya chini ya nyonga ipimwe, arudie kutembea, kukimbia, kusogea pembeni, na msamba uwe wa mwisho kabisa. Mwingine anahitaji miezi sita, mwingine mwaka na zaidi.

Pesa ni mjadala mwingine. Vipers, walioitwaa Ulaya mara tatu mfululizo, walifilisika Januari 2025. Ikiwa klabu ya namna hiyo inaanguka, binti anayelipwa nauli tu hapa kwetu anaacha kucheza kwa sababu nyingi kabla umri haujamfikia. Mkitaka kujua kwa nini makipa wetu wanaishia 27, anzieni hapo.

Kiongozi yule nilimwomba aje Alhamisi. Nikamketisha nyuma ya nyavu, nikamwambia asimtazame mpigaji wala mpira, atazame miguu ya kipa. Mashuti 20 kutoka mita tisa. Kwenye la sita akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mbona ameanza kabla?"

Nikamwambia aendelee kutazama, yamebaki 14.