Trauti wa ziwani hakai chini siku zote

Wavuvi wengi wa Kanada na kaskazini mwa Marekani wamerithi imani kwamba trauti wa ziwani hukaa kwenye kina kirefu tu, hivyo asiye na mashua na uzi mrefu asijisumbue. Si kweli. Samaki huyu hafuati kina, hufuata ubaridi: hupenda maji ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi. Barafu inapoyeyuka, ziwa lote huwa baridi, naye huja kuwinda karibu kabisa na ufuo. Wakati huo, ukisimama juu ya mwamba ukarusha chambo bandia cha chuma king'aacho, kisha ukakivuta polepole, unaweza kumpata. Joto la kiangazi likitanda juu ndipo huzama, na hata hapo mara nyingi huogelea katikati ya maji, mbali na sakafu ya ziwa.

Kuhusu chambo, soma kwanza sheria za ziwa lenyewe. Katika hifadhi ya Algonquin, jimboni Ontario, ni marufuku hata kuwa na visamaki hai vya chambo. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote: visamaki vigeni vikimwagwa ziwani huweza kuzaliana na kuwanyang'anya trauti chakula, na kuviondoa ni kazi ngumu mno.