Jioteknia: kuijua ardhi kabla ya kulaza reli

Mkulima wa Unguja hasemi "udongo" akaishia hapo. Atakwambia hapa ni kichanga, kule ni kinongo, bondeni ni kinamo, na upande wa mashariki ni uwanda, mawe yenye udongo haba. Kila jina limebeba tabia: udongo upi unapitisha maji upesi, upi unayatuamisha. Jioteknia ni ujuzi wa namna hiyo mikononi mwa mhandisi. Kazi yake ni kuupima udongo, mwamba na maji yaliyo chini, ijulikane vitahimili mzigo gani na vitatitia kiasi gani.

Unguja iliwahi kuwa na reli. Mwaka 1905 gari la moshi lilianza safari kutoka karibu na Ngome Kongwe, likipita Malindi, hadi Bububu, kama kilomita 11. Ilikuwa reli ndogo, tena ya juu ya ardhi. Mji unaopanua reli zake siku hizi mara nyingi hulazimika kushuka chini, na kuchimba shimo refu ubavuni mwa nyumba ya mtu ndiko kunakoitafuta jioteknia hasa.

Adui mkubwa ni maji. Simama ufukweni pale wimbi linapoishia, uchezeshe miguu: mchanga uliokuwa mgumu unalainika na unazama. Mchanga ni uleule. Kilichobadilika ni maji yaliyojaa katikati ya chembe na kuzisukuma ziachane. Mhandisi Karl Terzaghi aliliweka jambo hili katika hesabu miaka ya 1920: toa shinikizo la maji kwenye uzito wote, kinachobaki ndicho kinachobebwa na chembe zenyewe.

Hesabu hiyo inakata pande mbili. Ukivuta maji kwa pampu ili shimo likauke, chembe zinabeba mzigo zaidi, zinabanana, na ardhi ya jirani inashuka. Nyumba ikishuka sawasawa pande zote inaweza kusalimika. Ikishuka pembe moja tu, ukuta unapasuka. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe na chokaa, kuta nene na nzito, na ukuta wa namna hiyo hauvumilii kuvutwa.

Sasa tazama Darajani. Jina lenyewe linakumbusha daraja, kwa kuwa pale palikuwa na mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukafukiwa katika karne iliyopita. Ardhi ya kufukia haina umri wala mpangilio wa ardhi ya asili, na hatua chache tu zinaweza kukutoa kwenye udongo mmoja hadi mwingine.

Ndiyo maana hutobolewa visima vyembamba vya uchunguzi. Bomba husimamishwa kisimani, nyundo ya kilo 63.5 huangushwa juu yake kutoka kimo cha sentimita 76, na mapigo huhesabiwa mpaka bomba lizame sentimita 30. Mapigo machache, udongo dhaifu. Lakini jiwe la matumbawe linadanganya: juu gumu, chini limeliwa na maji ya mvua hadi likawa pango, kama lile la Mangapwani. Anayetosheka na mita mbili za jiwe gumu hajapima kitu.

Huko Köln, Ujerumani, tarehe 3 Machi 2009, jengo la nyaraka za mji liliporomoka kando ya shimo la reli ya chini ya ardhi, na watu 2 wakafa. Ukuta wa kuzuia udongo ulikuwa na kasoro; maji na mchanga vikapenya shimoni, ardhi chini ya jengo ikabaki tupu.

Kwa pwani kama yetu ningetaka kina cha maji kisomwe wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, maana kisima cha karibu na bahari hupanda na kushuka nayo. Kisha kila nyumba ya jirani ipigwe alama ukutani na kupimwa kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi, ili ufa ukitokea ijulikane ni wa zamani au wa shimo.